Watu wa Matanga Hawaulizwi

Malaba,
14 Januari 2025

Kwa Dada yangu mpendwa, Sista Brigid,

Mimi, Matthew Osukuku, ajenti wa mizigo mpakani, mume wa Mwalimu Edinah na mtumishi wa mbuzi watatu, natangaza rasmi na kwa unyenyekevu mkubwa kwamba choo chetu sasa kina komeo. La chuma. Linafungia kwa ndani. Fundi alilitia Jumamosi mbele ya mashahidi. Mama alitaka awe wa kwanza kulijaribu, akajifungia, tukamtoa kwa bisibisi.

Utauliza: baada ya miaka yote ya kukohoa ukikaribia mlango, komeo la nini? Ni la mgeni. Nyumba yetu imepata au pair. Usinilazimishe kulitamka, Edinah analisema vizuri, mimi nikilisema kitindamimba wetu Elungat anacheka. Si yaya, na si mgeni wa kukaa tu. Ni mtoto wa watu anayetoka nchi nyingine kuishi kwako kama mwanao: anakusaidia kulea mdogo, nawe unamlisha na kumfundisha lugha. Wetu ametoka Uholanzi. Anaitwa Femke, ana miaka ishirini na miwili, na ni mrefu hivi kwamba mlango wa jikoni umeshampiga kipaji mara tatu. Alipowekewa omena, dagaa wetu wa ziwani, aliwatazama kwanza machoni, mmoja mmoja, kama anayewaomba msamaha. Kisha akala wote.

Aliyemleta ni Bwana Austine wa shirika liitwalo Nyumba Mbili. Kijana mtanashati, gari safi, kila neno "mzee". Mpango wao ni huu: wa kwao anakuja kwetu, wetu anakwenda kwao. Kwa hiyo binti yetu Mourine, mwezi wa tatu, ataenda Uholanzi kukaa na familia yenye watoto wawili, na baadaye asomee uuguzi. Na hatutoi hata senti! Hapo ndipo nilipomwamini. Tapeli ninayemjua mimi huanza kwa kuomba.

Mourine anafanya mazoezi ya kula kwa uma. Nimemwambia asitoboe sahani.

Wewe uliyekimbilia nyuma ya kuta ili usipike, tuombee. Nimempa Ejoku barua hii. Lori lake likipita huko ataiacha getini kama kawaida.

Ndugu yako,
Matthew

*

Monasterini, ng'ambo ya Tororo,
29 Januari 2025

Matthew wangu,

Amani ya Bwana. Nililisoma tangazo lako mezani, kwa ruhusa, na masista walicheka mpaka Mama Mkuu akagonga kengele. Mungu asifiwe kwa komeo. Na kumbuka sikukimbia kupika. Hapa napikia watu thelathini.

Nimefurahi kwa ajili ya Mourine. Alipokuwa mdogo alimfunga mbuzi bendeji nikiwa nimekuja kuaga. Uuguzi unamfaa.

Lakini nijibu mawili. Mamake huyo Femke amewapigia? Mama anayemtuma binti yake mbali hivyo atataka kusikia sauti ya mwanamke anayemlaza. Na huko Uholanzi, mama mwenye nyumba atakayokaa Mourine anaitwa nani? Hukuniandikia jina. Uliniandikia majina ya mbuzi wakati ule ulipowanunua, na jina la mama huyo hapana.

Labda umesahau. Wewe ni msahaulifu tangu ubatizo.

Dada yako,
Sista Brigid

*

Malaba,
17 Februari 2025

Dada Brigid,

Yoga! Nakusalimu kwa Kiteso usije ukakisahau huko. Barua yako ilifika ikinukia dizeli na vitunguu vya Ejoku. Najibu.

Mama yake Femke alipiga. Alitaka Edinah. Aliuliza kama kuna chandarua, na kama binti yake anakunywa maji yaliyochemshwa, halafu akalia, Edinah naye akalia, na hakuna aliyeelewa lugha ya mwenzake vizuri. Mimi nikachukua simu nimpe salamu za Mourine. Akauliza, "Mourine ni nani?" Nikaona hasikii vizuri kwa sababu ya kilio. Femke pia anasema kwao ni vyumba viwili na mama mmoja, hakuna anayemngojea mtu. Lakini Austine amenieleza: familia itakayompokea Mourine ni nyingine kabisa, na wazungu ni watu wa faragha, hawapendi kusumbuliwa na simu kabla ya siku. Nilipomwambia Femke hilo la faragha alikunja uso. Labda ni kipaji bado kinauma.

Sasa habari nzuri. Mama alikataa kukaa nyumba moja na mtu mzima asiye na jina. Tukaweka chungu cha ajono Jumapili, akina baba wakakaa na mirija yao, na Mama akachovya kidole kwenye pombe, akamtia mgeni mdomoni kama mtoto mchanga, huku akiita majina ya waliotutangulia. Unajua kanuni: jina atakalolimeza ndilo lake. Femke akakunja uso kwa majina manne, la tano akalimeza. Akiteng! Watu wakapiga vigelegele. Edinah tu ndiye hakupiga. Akaninong'oneza, "Si huyo ndiye shangazi yako aliyeolewa mbali, hamkumwona tena?" Nikamwambia anyamaze, mtoto ameshameza.

Austine naye alikaa kwenye chungu. Nilimpa mrija wangu mwenyewe. Akanywa bila kusitasita, hakupuliza mapovu, na aliushika kwa mkono wa kulia. Wewe unajua mtu akinywa nawe chungu kimoja amekuwa ndugu. Kwetu hapo mambo yameisha.

Tangu hapo, kila Jumapili huja na wazazi wa wasichana wengine, kutoka Adungosi, wengine mpaka Port Victoria. Wanakaa sebuleni, nawapa soda, wanamwangalia Femke akimvalisha Elungat viatu. Mama mmoja alimshika nywele. Austine husema, "Mnaona? Watu wameleta mtoto wao wa damu." Mimi naongezea kidogo, naeleza jinsi anavyokula omena. Nimekuwa maarufu, Dada. Edinah anasema nimekuwa kioski.

Pasipoti ya Mourine iko kwa Austine kwa ajili ya viza. Ya Femke pia anayo, anaitunza.

Jina la yule mama wa Uholanzi nitaliuliza.

Matthew

*

Monasterini,
5 Machi 2025

Matthew,

Sikucheka safari hii.

Nimesali juu ya barua yako siku kadhaa, kisha nikamsomea Mama Mkuu. Yeye ni mtu wa mjini, alikuwa karani wa mahakama kabla ya wito. Aliuliza jambo moja: huyo binti wa Uholanzi, nani anamhitaji zaidi, Elungat au Austine?

Fikiri, ndugu yangu. Msichana mmoja ameletwa kwako. Wasichana wangapi wameandikishwa kwa kumtazama yeye? Wao wataenda wote, na hao wa kwao watakaokuja badala yao wako wapi? Umewaona?

Nasema kama mkubwa wako, niliyekubeba mgongoni mpaka mtoni. Mourine asivuke daraja kabla hujaisikia sauti ya mwanamke huyo kwa sikio lako. Asivuke. Na dai pasipoti zote mbili, umpe Femke yake mkononi.

Kuhusu chungu: hata Yuda alichovya katika bakuli moja na Bwana. Usiniletee habari za mrija.

Nimeambiwa Ejoku amekwama kwenye foleni ya malori. Naiombea barua hii ikimbie kuliko yeye.

Brigid

*

Malaba,
23 Machi 2025

Dada mpendwa,

Barua yako imefika, asante sana. Ejoku alichelewa kweli, alilala njiani kwa sababu ya gurudumu. Usiwe na wasiwasi, sisi wote ni wazima wa afya.

Mvua zimeanza. Nimepanda mahindi na maharagwe, na nimeumwa mgongo kama mtu aliyefanya kazi. Elungat ameng'oka jino. Alilitupa juu ya paa, likarudi, akalitupa tena, likampiga Mama. Mbuzi mkubwa amezaa mapacha. Femke alisaidia kuzalisha, akawaita majina ya Kiholanzi ambayo siwezi kuyaandika. Juzi alijaribu kusonga ugali, ukaungua chini na kubaki maji juu, jambo ambalo sikujua linawezekana. Tuliula wote. Edinah ana kazi nyingi shuleni.

Mpakani kazi ni ile ile. Kijana mmoja wa zamu pale ananisalimu kila asubuhi kwa heshima kubwa siku hizi. Ni kijana mwenye adabu.

Yale uliyoshauri nimeyasikia. Utuombee tu.

Ndugu yako,
Matthew

*

Malaba,
30 Machi 2025

Dada Brigid,

Ni mimi Edinah. Matthew hajui kwamba nimeandika, naye Ejoku ameahidi kutosema.

Naomba muwashe mshumaa kwa ajili ya wasafiri. Sijui mtakatifu wa wasafiri ni nani kwenu. Mimi nililelewa Anglikana kule Sigalame, sisi hatuna orodha ndefu. Muwashe tu kwa yeyote anayeshughulikia njia.

Nikipiga ile namba inasema mteja hapatikani. Nafundisha darasa la pili, watoto wananiuliza, "Mwalimu, mbona umeandika tarehe ya juzi?" Nyumbani Matthew anachekesha watu tangu asubuhi. Anachekesha hata mbuzi. Akiacha kuchekesha naogopa zaidi.

Usimkasirikie sana.

Edinah

*

Monasterini,
4 Aprili 2025

Matthew,

Katika barua yako ya tarehe 23 yumo Elungat, jino, Mama, mbuzi na mapacha wake, Femke, Edinah, hata kijana wa mpakani. Mourine hayumo. Aliyesonga ugali ni mgeni.

Mshumaa unawaka. Niandikie ukweli. Sitaki kuchekeshwa.

Brigid

*

Malaba,
29 Aprili 2025

Dada Brigid,

Nilirarua barua tatu. Hii ya nne ina makosa, lakini ndiyo ya kweli.

Barua yako ya kunionya ilipofika, Mourine alikuwa ameshavuka. Alivuka Ijumaa tarehe 14 Machi, yeye na wasichana wengine watano. Nami ndiye niliyewavusha.

Austine alikuja asubuhi, akasema ndege inaruka Entebbe jioni, na wakipanga foleni watahojiwa mmoja mmoja mpaka ndege iwaache. Mizigo angeitanguliza kwa gari. "Wewe mzee unajulikana pale. Sema mnaenda shughuli Tororo." Nikamwuliza shughuli gani. Akacheka: "Mzee, wewe ndiye mwenyeji."

Na mimi mwenyeji nikajua. Hili halikutoka kwa Austine, Dada. Nimekaa mpakani muda wa kutosha kujua ni nani asiyesimamishwa. Sisi Wateso tuna makaburi pande zote mbili, kila wiki kuna watu wanavuka kwenda kuzika. Watu wa matanga hawaulizwi. Nikamwomba Edinah leso sita.

"Za nini?"

"Mazishi."

"Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Ni namna ya kupita tu."

Alisimama mlangoni na zile leso mkononi. Akasema, "Mazishi bila maiti huita maiti. Usimwite, Matthew." Sikumwuliza anasema nani. Alinipa leso kwa sababu nilikuwa nimeshanyoosha mkono, na Mourine alikuwa nyuma yangu amevaa viatu vipya akiomba twende.

Walijifunga leso kiunoni, nikatangulia nimekamata tawi la msiba. Walikuwa wanacheka. Niliwakemea kwa sauti ya chini: "Huzuni, wasichana, huzuni!" ndipo wakacheka zaidi. Tulipofika, yule kijana wa zamu alinitambua, akavua kofia.

"Mzee Osukuku, poleni. Ni nani?"

"Ni wa kwetu."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Ghafla tu."

"Poleni sana. Piteni, piteni."

Hakuna aliyecheka tena. Ng'ambo, kabla ya kupanda basi dogo, Mourine alinirudishia leso akauliza, "Papa, ulikuwa unasema nani?" Nikamwambia apande, asichelewe. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Yule kijana mpaka juzi akiniona asubuhi aliniuliza kama tulizika salama.

Simu ilikaa kimya mpaka Aprili, siku chache baada ya wewe kuandika. Halafu ikaita kwa namba ngeni. Alikuwa amejificha bafuni, akiongea Kiteso haraka haraka. Hakuna Uholanzi. Yuko Ghuba, huko Uarabuni, nyumba ya ghorofa tatu, anapika, anafua na kulala kwenye stoo. Pasipoti wamechukua. Mwenye nyumba anamwambia amelipia safari yake, kwa hiyo haondoki. Wengine hajui walikopelekwa. Waligawanywa uwanja wa ndege, kila mmoja na mtu wake. Tulisikia mlango ukigongwa, akakata.

Femke alikuwa ameketi pale pale na Elungat mapajani. Edinah alimweleza. Alinyanyuka akaenda kuketi peke yake nyuma ya nyumba. Mtoto huyo hana kosa. Yeye alilipa, Dada! Alilipa shirika pesa zake za kazi ya mkahawa, akaambiwa anakuja kukaa na familia na kujifunza Kiswahili. Wakamweka sebuleni kwangu watu waje wamtazame, na mimi nikawa nagawa soda.

Nilienda polisi nikaandikisha. Wakaniambia niwalete wazazi wengine waandikishe pia. Nilizunguka kwa boda boda nyumba zote tano. Wote walikataa. Mmoja alisema tukipiga kelele watoto watateswa. Mwingine alifunga mlango. Siwalaumu, nami nilikaa na siri wewe ukiniuliza.

Austine hakujua kwamba Mourine amepiga. Akatuma ujumbe kuwa Jumapili, yaani juzi, analeta wazazi wa kundi la pili. Edinah alitaka tumfungie geti. Femke ndiye aliyesema, kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja, "Hapana. Waje. Mimi waliniona, sasa wanisikie."

Walikuja wazazi saba. Niliwakalisha. Austine akaanza wimbo wake, "Mnaona? Mtoto wao wa damu..." Nikasimama. Niliweka mkono juu ya televisheni nisianguke, Mama akafikiri nataka kuiwasha.

Niliwaeleza yote. Leso, tawi, ghorofa tatu, stoo. Nilipomaliza Femke akasema, "Mimi sijui nyumba yoyote inangoja binti wenu. Pasipoti yangu yeye amekataa kunipa. Mimi ni chambo." Neno hilo alikuwa amemwuliza Edinah asubuhi.

Austine hakukasirika. Laiti angekasirika. Aliguna kidogo, kama daktari mbele ya mgonjwa. "Poleni, wazazi. Mzee amemkosa binti yake, moyo unamuuma. Na msichana huyu amechoka, anataka kwao. Ni kawaida."

Bwana Protus, yule muuza samaki wa Port Victoria, akanitazama juu mpaka chini. "Mzee Osukuku, wako ameshafika. Anafanya kazi. Sasa umekaa mlangoni unafunga ili wetu wasiingie?"

"Analala stoo, ndugu yangu!"

"Na wangu analala wapi? Kwenye mashua. Hukuja kumhurumia."

Ekwaro wa Adungosi akauliza tu, "Safari ni lini?" Austine akamjibu, pale pale, sebuleni kwangu, akishika soda yangu.

Akainuka mama mmoja mjane, Roselida. Alimwendea Femke, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamtazama machoni kwa muda. Kisha akamgeukia Austine: "Kitambulisho cha mwanangu." Austine akatabasamu, akasema kiko ofisini. Roselida akasema, "Basi kibaki, tutatafuta kingine. Twende, Atyang." Binti alikuwa nje kivulini na mkoba wake. Alilia, akamwita mama yake mshamba, lakini akaenda.

Hao tu. Wazazi sita waliondoka na Austine. Jana asubuhi wasichana sita walivuka wakiwa wamejifunga leso, mbele yao mzee nisiyemjua, ameshika tawi. Nilikimbia nikamshika mkono yule kijana wa zamu, nikamwambia hakuna maiti. Akaniambia kwa upole, "Mzee, pumzika. Msiba unachanganya akili." Aliponielewa na kuita wenzake, basi dogo la upande wa pili lilikuwa limeshaondoka. Sasa wanamtafuta Austine. Simu yake imezimwa. Femke amepata karatasi za kusafiria kwa ubalozi wao. Anaondoka Alhamisi, na Elungat hajaambiwa.

Leo alfajiri Mourine alipiga. Sekunde chache tu. Nilimwambia kwamba nilisema ukweli mbele ya watu, na Austine akiwepo. Nilidhani atafurahi. Akauliza, "Wangapi walirudi nyumbani?"

Nikamwambia mmoja.

Nilisikia maji yakimwagika. Hufungua bomba ili wasimsikie. Kisha akauliza, "Ni nani?"

"Anaitwa Atyang. Wa mama Roselida."

Maji yakaendelea kumwagika. Nikadhani ameondoka.

"Papa," akasema, "nitajie tena."

Nikamtajia.

Matthew